Kinga ya Mwili Haijazwi kwa Chupa

Mama mmoja anashuka kwenye basi, mgongoni amembeba mtoto mwenye mafua na homa ya siku mbili. Kabla hajatoka stendi anakutana na muuzaji mwenye kipaza sauti na meza iliyojaa chupa. Maelezo ya muuzaji ni mafupi na yanaeleweka upesi: kinga ya mtoto imeshuka, chupa hii huipandisha, mwenye kinga iliyopanda haugui. Bei ni shilingi 35,000. Fedha aliyo nayo mama huyo ni ya kumpeleka mtoto zahanati na ya nauli ya kurudi nyumbani. Je, anunue chupa, au aendelee na safari yake?

Mfano huo tumeutunga, lakini maneno ya muuzaji hatukuyatunga. Yanasikika stendi, sokoni, redioni na katika ujumbe unaosambazwa kwa simu za mkononi. Yana nguvu kwa sababu nusu yake ni kweli: mwili una kinga, na kinga hiyo huweza kudhoofika. Upotofu umo katika picha inayojengwa kichwani mwa msikilizaji, kwamba kinga ni kitu kimoja kama maji ya tangi, kinachopungua na kujazwa. Katika makala haya tunaeleza seli za kinga ni zipi na hufanya nini maradhi yanapoingia, ili mlaji aweze kulipima dai la namna hiyo kabla hajatoa fedha yake.

Mwiba unapochoma mguu

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu amelipata. Mtu anachomwa na mwiba shambani. Pamoja na mwiba huo wanaingia bakteria waliokuwa juu ya ngozi au kwenye udongo. Ngozi, ambayo ndiyo kizuizi cha kwanza, imekwisha kutobolewa.

Chini ya ngozi huishi seli kubwa ziitwazo makrofaji. Kazi yake ni kumeza takataka na vimelea. Zinapowagusa bakteria hutoa kemikali zinazotanua mishipa midogo ya damu iliyo karibu. Damu nyingi hufika mahali hapo, majimaji huvuja kutoka katika mishipa, na neva huchokozeka. Ndiyo maana mguu hubadilika rangi, hupata joto, huvimba na kuuma. Watu wengi huziona dalili hizo kama ushindi wa ugonjwa, ilhali hizo ndizo alama za kwanza kwamba kinga imeanza kazi.

Katika muda wa saa chache hufika seli nyingine kutoka kwenye damu, ziitwazo neutrofili. Hizi ndizo nyingi kuliko chembe nyeupe nyingine zote za damu ya mtu mzima. Huwameza bakteria na kuwaua kwa kemikali kali, na nyingi hufia hapo hapo. Usaha tunaouona kwenye jipu sehemu yake kubwa ni neutrofili zilizokufa zikiwa kazini. Uboho, yaani ute ulio ndani ya mifupa, hutengeneza neutrofili mpya zipatazo bilioni 100 kila siku.

Elimu hii ina historia yenye mwiba ndani yake. Mwaka 1882, mjini Messina nchini Italia, mwanasayansi Élie Metchnikoff, mzaliwa wa Dola ya Urusi, alichoma miiba ya waridi katika mabuu ya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Mabuu hayo ni maangavu, hivyo ndani yake huonekana kwa hadubini. Asubuhi iliyofuata alikuta seli zimekusanyika kuuzunguka kila mwiba. Kwa kazi yake juu ya seli zinazomeza vimelea alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Homa nayo ni sehemu ya mwitiko huo. Kemikali zinazotolewa na seli za kinga hufika kwenye ubongo, na ubongo huamuru joto la mwili lipande. Kwa hiyo mtoto mwenye homa si mtoto aliyekosa kinga. Hata hivyo, homa haipaswi kupuuzwa, kwa kuwa haitaji jina la ugonjwa ulioileta. Katika nchi yenye malaria, homa ya mtoto hudai kipimo cha damu mapema.

Seli zinazohitaji muda

Makrofaji na neutrofili hufanya kazi upesi, lakini hazichagui sana. Ugonjwa ukizidi nguvu zake, mwili hutegemea kundi la pili, nalo ni limfosaiti. Ziko za aina mbili kuu: seli B na seli T.

Kila limfosaiti huzaliwa ikiwa na uwezo wa kutambua umbo moja tu, kama kufuli inayokubali ufunguo mmoja. Mwilini mna limfosaiti za maumbo yasiyohesabika, lakini zinazolingana na kirusi fulani cha mafua huwa chache mno. Vimelea wanapoingia, seli za upelelezi huchukua vipande vyao na kuvipeleka kwenye tezi za limfu zilizopo shingoni, makwapani na kwenye kinena. Hapo ndipo limfosaiti inayolingana na vipande hivyo hupatikana. Ikipatikana huanza kugawanyika: moja huwa mbili, mbili huwa nne, hata zikafika maelfu kwa maelfu. Tezi huvimba kwa wingi huo, na wazee wetu waliita uvimbe huo mtoki.

Baada ya kuongezeka, seli hizo hugawana kazi. Seli B hugeuka kuwa viwanda vya kingamwili, yaani protini zinazosafiri katika damu na kumnasa kimelea kabla hajaingia katika seli. Baadhi ya seli T huziua seli za mwili wetu wenyewe ambazo tayari zimeingiliwa na virusi, ili virusi hivyo visiendelee kuzaliana humo. Seli nyingine za T, zijulikanazo kwa jina la CD4, hazimezi wala haziui. Huzipa seli nyingine ishara za kuanza kazi na kuiongeza.

Mpangilio huu huchukua siku kadhaa, na kwa ugonjwa ambao mwili haujapata kuuona huchukua hata wiki moja au mbili. Tunaomba msomaji autie moyoni ukweli huu, kwa maana ndipo penye siri ya biashara ya chupa. Mtu akipata mafua leo, siku ya tatu atajisikia vibaya kuliko siku ya kwanza, naye ataanza kutafuta dawa. Akinywa chochote siku hiyo, iwe maji ya tangawizi, iwe chupa ya shilingi 35,000, siku ya saba atakuwa amepata nafuu. Limfosaiti zake zimekamilisha kazi, lakini sifa imekwenda kwa chupa. Mtu huyo atatoa ushuhuda kwa moyo safi, bila kukusudia kumdanganya mtu. Ushuhuda wa aliyepona mafua hautoshi kuthibitisha dawa ya mafua.

Kwa sababu hiyo hiyo tunawaasa walaji wasinunue antibiotiki kwa ajili ya mafua ya kawaida. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki huua bakteria. Matumizi yasiyo ya lazima huwapa bakteria nafasi ya kuzoea dawa, na siku dawa hiyo itakapohitajika kweli huenda isifae.

Kumbukumbu inayobaki

Ugonjwa ukiisha, limfosaiti nyingi hufa. Chache hubaki zikiwa na kumbukumbu. Kimelea yule yule akirudi hazianzi upya: huongezeka upesi na kwa wingi, mara nyingi kabla mtu hajahisi lolote. Hii ndiyo sababu aliyeugua surua kwa kawaida haiugui tena.

Chanjo imejengwa juu ya jambo hili. Huuonyesha mwili umbo la kimelea bila kuupitisha mtu katika ugonjwa wenyewe, nao mwili hujiwekea kumbukumbu. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyepata ndui kwa maambukizi ya kawaida alikuwa katika mji wa Merka, Somalia, mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Haukuondoka kwa sababu watu walikunywa kitu cha kuongeza kinga kwa jumla. Uliondoka kwa kuwa mamilioni ya watu walifundishwa kinga ya ugonjwa mmoja uliojulikana.

Neno "ugonjwa mmoja" ni la msingi. Kumbukumbu ya surua haimlindi mtoto na pepopunda, wala ya pepopunda haimlindi na kifaduro. Ndiyo maana ratiba ya chanjo ina sindano na matone kadhaa, na ndiyo maana dai la kitu kimoja kinachokinga magonjwa arobaini halipatani na namna seli zinavyofanya kazi.

Surua inatufundisha jambo jingine. Virusi vyake hushambulia seli zile zile zinazotunza kumbukumbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanywa kwa watoto wa Uholanzi ambao hawakuwa wamechanjwa, ulionyesha kwamba baada ya surua watoto walipoteza sehemu ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine, na wengine walipoteza zaidi ya nusu. Mtoto aliyepona surua huweza kuwa mwepesi wa kuugua maradhi mengine kwa muda mrefu. Nchini Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mtoto atimizapo miezi 9, na tena miezi 18. Mzazi asiiache dozi ya pili kwa kuwa ya kwanza "imeshaingia".

Mtoto mchanga naye haanzi maisha mikono mitupu. Akiwa tumboni hupokea kingamwili za mama kupitia kondo la nyuma. Kwa njia hiyo mama aliyechanjwa pepopunda humlinda mwanawe katika wiki za mwanzo. Akizaliwa hupata nyingine katika maziwa ya mama, hasa yale ya mwanzo yenye rangi ya njano, yaitwayo dang'a. Wapo wanaoyakamua na kuyamwaga kwa kudhani ni machafu. Tunawasihi wasifanye hivyo: hakuna kinachouzwa dukani kinachoweza kushika nafasi yake.

Malaria haifuati njia hiyo rahisi. Kimelea chake hubadilisha sura yake mara kwa mara, hivyo mwili hujenga kinga pole pole, baada ya kuugua mara nyingi, na kinga hiyo haikamiliki. Isitoshe, hupungua mtu akiishi mahali pasipo na malaria. Ndugu zetu wanaoishi Ulaya, Marekani au Uarabuni wanaporudi likizo wasijione wazawa wenye kinga ya utotoni. Wamwone daktari kabla ya safari kwa ajili ya dawa ya kujikinga, na walale ndani ya chandarua chenye dawa.

Waratibu wanaposhambuliwa

Virusi vya UKIMWI, yaani VVU, huingia hasa katika seli za CD4 na kuziharibu. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huwa na seli za CD4 kati ya 500 na 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo ya damu. Zikishuka chini ya 200, seli nyingine za kinga hukosa uratibu, na maradhi ambayo mwili mzima ungeyadhibiti, kama kifua kikuu, hupata nafasi kubwa.

Hapa ndipo upotofu wa chupa unapoweza kugharimu uhai. Mtu anayeishi na VVU husikia kwamba tatizo lake ni kinga kushuka, kisha husikia kwamba kuna kinywaji kinachoipandisha. Kwa akili ya kawaida mambo hayo mawili yanaungana. Lakini mwili wake haukushindwa kutengeneza seli za CD4. Huzitengeneza kila siku, na virusi huziharibu kila siku. Ukiongeza maji katika ndoo iliyotoboka bila kuziba tundu, maji hayatakaa. Kinachoziba tundu ni dawa za kufubaza VVU, ambazo hapa nchini hutolewa bila malipo. Virusi vikifubazwa, mwili wenyewe huanza kurudisha CD4 zake. Mtumiaji wa dawa hizo anayeongeza kinywaji kipya ataona CD4 zimepanda na huenda akakisifu kinywaji. Akiacha dawa kwa kukiamini kinywaji, virusi huanza kuzaliana upya.

Tunasema wazi: mtu yeyote anayemshauri mgonjwa aache dawa za VVU, za kifua kikuu, za kisukari au za shinikizo la damu ili atumie bidhaa yake, anamweka hatarini. Mgonjwa anayetaka kuongeza dawa ya asili au kirutubisho chochote amweleze kwanza mtoa huduma wake, kwa kuwa baadhi ya mitishamba hupunguza nguvu ya dawa mwilini.

Kinga inapozidi au kukosea

Katika mafunzo ya afya tumezoea kuambiwa kwamba chembe nyeupe ni askari wa mwili. Mfano huo unafaa kwa kuanzia, lakini humfanya mtu adhani kwamba kadiri askari wanavyoongezeka ndivyo usalama unavyoongezeka. Sivyo ilivyo. Sehemu kubwa ya mfumo wa kinga ni seli na kemikali za kuzuia, ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine zisidhuru mwili wenyewe.

Uzuizi huo ukishindwa, madhara ni makubwa. Katika mzio, seli hupambana na vumbi, karanga au dagaa kana kwamba ni vimelea. Katika pumu, njia za hewa huvimba na kubana. Katika kisukari aina ya kwanza, seli za kinga huharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika ugonjwa wa baridi yabisi, hushambulia viungo vya mwenye mwili. Mgonjwa wa namna hiyo hahitaji kinga ipandishwe. Aliyepandikizwa figo hutumia dawa za kuishusha, ili mwili usiikatae figo hiyo.

Ugonjwa wa UVIKO-19 ulitoa somo kubwa. Kwa baadhi ya wagonjwa mahututi, kilichoyaharibu mapafu ni mwitiko wa kinga uliopita kiasi. Mwezi Juni 2020, jaribio kubwa la tiba nchini Uingereza lilionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya bei nafuu inayotuliza kinga, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia. Wakati huo huo masokoni watu walikuwa wakinunua vitu vya kupandisha kinga.

Ni lazima tuongeze onyo. Deksamethasoni na dawa za jamii yake hutumika kwa uangalizi wa daktari tu. Mamlaka za udhibiti katika nchi mbalimbali zimewahi kuzikuta zimechanganywa kwa siri ndani ya bidhaa zinazouzwa kama mitishamba ya maumivu. Mnunuzi hupata nafuu ya ajabu katika siku chache, kwa sababu uvimbe umetulizwa. Akiendelea kuzitumia, kinga yake hudhoofika, sukari na shinikizo la damu huweza kupanda, na akiacha ghafla huweza kuzidiwa. Dawa ya asili inayoondoa maumivu ya miaka mingi kwa siku mbili itiliwe shaka.

Kuhusu vipimo

Wauzaji wengine huanza na kipimo. Mteja hushikishwa kifaa mkononi, kisha hupewa karatasi ndefu inayosema kinga yake iko chini, ini limechoka na mishipa imeziba. Tunapenda ieleweke kwamba chembe nyeupe na seli za CD4 huhesabiwa kwa kupima damu. Kifaa kinachoshikwa tu mkononi hakiwezi kuzihesabu.

Hata kipimo halali cha damu huhitaji mtaalamu wa kukisoma. Viwango vinavyochapwa kwenye karatasi nyingi huweka chembe nyeupe za mtu mzima kati ya 4,000 na 11,000 kwa milimita moja ya ujazo. Viwango vingi vya aina hiyo vilipatikana kwa kupima watu wenye asili ya Ulaya. Watu wengi wenye asili ya Afrika huwa na neutrofili chache kuliko hizo tangu kuzaliwa, wala hawaugui zaidi kwa sababu hiyo. Hali hiyo huambatana na tofauti ya urithi katika chembe nyekundu, ambayo huwakinga na aina mojawapo ya malaria. Kwa hiyo mtu mwenye afya anayeoneshwa namba iliyo chini kidogo asikimbilie kununua kitu. Amuulize daktari, naye daktari ataangalia historia yake na pengine atarudia kipimo.

Kinachosaidia kweli

Hatusemi kwamba hakuna linaloweza kufanywa. Seli za kinga hujengwa kwa chakula, na mtu mwenye utapiamlo huwa na kinga dhaifu kweli. Ndiyo maana watoto wa miezi 6 hadi miaka 5 hupewa matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na mtoto anayeharisha hupewa madini ya zinki kwa siku 10 hadi 14 pamoja na maji yenye chumvi na sukari maalumu, yaani ORS. Lakini kuziba upungufu ni jambo moja, na kumwongezea asiyepungukiwa ni jambo jingine. Vitamini A ikizidi ni sumu, na huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni.

Kwa mtu wa kawaida, yanayofaa ni haya: kunyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, chanjo kamili kwa wakati, mlo wenye nafaka, maharage au dagaa, mboga za majani na matunda, usingizi wa kutosha, kuacha sigara, kunawa mikono kwa sabuni, kulala ndani ya chandarua, na kutibu kisukari na VVU mapema. Tangawizi, limau na kitunguu saumu ni chakula chema, navyo huweza kuituliza koo. Mlaji asivinunue kwa bei ya dawa.

Kabla hujatoa fedha, uliza

1. Bidhaa hii inadai kutibu au kukinga ugonjwa gani hasa? Jibu likiwa "yote", acha.

2. Imesajiliwa kama nini, na nani? Dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na tiba asili husimamiwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Cheti cha kampuni kutoka BRELA au namba ya mlipakodi huonyesha kwamba biashara ipo. Havithibitishi kwamba bidhaa inatibu.

3. Lebo inataja viambato vyote, kiasi chake, jina na anwani ya mtengenezaji, na tarehe ya mwisho wa matumizi?

4. Muuzaji anakutaka uache dawa za hospitali? Ondoka, na utoe taarifa kwa mamlaka husika.

5. Ushahidi ni nini? Shuhuda na picha havitoshi.

Ukinunua, dai risiti na utunze kifungashio. Ukipata madhara, vitu hivyo viwili ndivyo vitakavyosaidia kufuatilia malalamiko yako.

Mtoto apelekwe kituo cha tiba bila kuchelewa akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au kupoteza fahamu, au akipumua kwa shida. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe mara moja, hata kama hana dalili nyingine.

Sasa tumrudie mama wa stendi. Mwanawe ana homa, maana yake seli zake ziko kazini. Huenda ni mafua, nazo limfosaiti zitayamaliza katika wiki. Huenda ni malaria, nayo haingoji wiki. Chupa iliyo mezani haiwezi kumwambia ni ipi kati ya hizo mbili. Kipimo cha zahanati kinaweza. Fedha yake inatosha kwa jambo moja tu, nasi tunamshauri aendelee na safari yake.